Nilivyofuata njia ya Carl Peters mpaka Msowero

Siku ya kwanza, Unguja

Nimeanzia Unguja kwa sababu na yeye alianzia Unguja. Boti ya asubuhi kutoka Dar, bahari imetulia, saa nne nishakaa Forodhani na kikombe cha kahawa naangalia Beit al-Ajaib, au niseme kilichobaki tangu sehemu yake iporomoke Disemba 2020.

Niseme kwanza kwa nini niko safarini. Mama yangu ni Msagara wa Kilosa. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wa historia alifika kwenye ile mada ya Mjerumani Carl Peters na Chifu Mangungo wa Msovero, aliyesaini mkataba wa kumpa nchi yake, darasa zima likageuka kuniangalia maana nilishawaambia kwetu ni wapi, na kuanzia siku ile mpaka namaliza shule jina langu likawa Mangungo. Mangungo njoo huku, Mangungo saini hapa. Na sio shuleni tu, mpaka leo bungeni, magazetini, kijiweni, mtu akiweka saini mkataba mbovu wa madini au wa chochote wanasema huyu Mangungo. Yaani mzee wa watu amefariki miaka mingi na bado tunambebesha kila mkataba mbaya wa nchi hii. Sasa mimi nikasema ngoja nifuate ile njia mwenyewe nione.

Carl Peters alifika hapa tarehe 4 Novemba 1884. Alikuwa na miaka 28, ana udaktari wa historia, na nyuma yake kulikuwa na kachama ka kutafuta makoloni walichokianzisha Berlin mwezi Machi mwaka uleule. Alikuwa na wenzake watatu, Karl Jühlke, Count Joachim von Pfeil na August Otto, na walisafiri kwa majina ya uongo ili Waingereza wasishtuke wala Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, asishtuke. Hii nyumba ninayoiangalia ilikuwa mpya kabisa wakati huo, Barghash aliijenga 1883. Kwa hiyo Peters ameshuka, ameiona, amejua kabisa mwenye mji ni nani.

Na jambo ambalo shuleni hatukuambiwa ni kwamba konsuli wa Kijerumani hapa Unguja alimkabidhi ujumbe kutoka serikali ya Berlin, kwamba asitegemee ulinzi wowote wa dola, akienda huko bara anaenda kwa hatari yake mwenyewe. Novemba dola inasema hatukujui. Nimeliandika hili kwenye daftari nikalipigia mstari maana Februari mambo yatakuwa mengine.

Siku ya pili

Boti ya kurudi, daladala mpaka Bagamoyo, kulala. Joto kali. Sijatembea leo, Bagamoyo naiacha kwa mwisho kwa sababu yeye Bagamoyo ilikuwa mwisho wake.

Siku ya tatu, Saadani

Tarehe 10 Novemba 1884 walivuka kutoka Unguja kwenda Saadani. Mimi nimekuja kwa nchi kavu, nikavuka mto Wami, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wengi wakisikia Saadani wanawaza hifadhi, tembo wanaoshuka mpaka ufukweni, lakini kijiji ni cha zamani sana na wakati ule kilikuwa mlango, misafara ya pembe ilitoka bara ikaangukia hapa, ng'ambo Unguja, na mwenye neno hapa alikuwa Bwana Heri. Miaka michache baadaye huyuhuyu Bwana Heri akapigana na Wajerumani, Abushiri bin Salim kule Pangani na yeye huku Saadani. Abushiri wakamnyonga Pangani Disemba 1889, Bwana Heri akashikilia mpaka 1890.

Nimekaa ufukweni na wavuvi wanatoa samaki kwenye wavu, maji yamekupwa mbali kabisa, tope linang'aa. Nikamuuliza kijana mmoja kutoka hapa mpaka Usagara kwa miguu ni siku ngapi, akacheka, akasema kaka hapo panda gari. Nilitaka tu kujua. Maana Peters alitoka pwani katikati ya Novemba akarudi pwani Disemba 17, ukihesabu kuanzia siku aliyoondoka Unguja ni siku 37, na ndani ya siku hizo alikuwa na mikataba 12 kwenye begi. Uzigua, Nguru, Usagara, Ukami. Sasa gawanya mwenyewe, toa siku za kutembea, toa siku za homa, kila chifu amepewa muda gani kuelewa anachoambiwa? Hata kuposa mwanamke kwetu kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Siku ya nne, Mandera mpaka Dumila

Saa kumi na mbili asubuhi kwenye gari la mizigo kupitia Miono, tumetokea Mandera kwenye lami, basi mpaka Chalinze, lingine mpaka Msamvu Morogoro, nikala wali maharage pale stendi, halafu Noah mpaka Dumila tumebanana wanne wanne. Nimelala gesti ya barabarani. Jioni kabla jua halijazama milima ya Nguru inaonekana upande wa kaskazini, ya bluu, mawingu yameikalia kichwani. Kule ndiko alikopita kabla ya kushuka huku.

Usiku umeme upo, simu ina chaji, nikatulia nikasoma ule mkataba wenyewe. Nimesoma habari zake mara mia lakini maneno yenyewe nilikuwa sijawahi kuyasoma neno kwa neno. Nakala niliyonayo ni ya Kiingereza, wenyewe waliuandika kwa Kijerumani. Ni mfupi! Unaisha kwenye skrini mbili tatu. Tarehe 29 Novemba 1884, Msovero, Usagara. Unaanza kwa kusema Mangungo, Sultani wa Msovero, na Dokta Peters wanafunga mkataba wa urafiki wa milele. Halafu Mangungo anatoa nchi yake yote, iliyo yake kwa urithi au kwa njia nyingine, na haki zake zote, kwa muda wote, kwa matumizi ya ukoloni wa Kijerumani.

Nikatafuta Peters anatoa nini. Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Anachoahidi ni kwamba chama chake kitaiangalia Msovero kwa namna ya pekee kitakapokuwa kinaikalia Usagara. Basi. Hakuna kingine. Zawadi ziligawiwa, ndiyo, na kwenye safari ile walikuwa wanapandisha bendera na kufyatua risasi hewani, lakini kwenye karatasi malipo ya nchi nzima ni ahadi ya kuangaliwa vizuri utakapokuwa unatawaliwa.

Na lile neno Sultani. Kila mzee wa eneo waliyemkuta wamemwita Sultani. Kule Ulaya karatasi iliyosainiwa na Sultani ina uzito, karatasi iliyosainiwa na mzee wa kijiji anayesimamia mashamba na matambiko haina, kwa hiyo wamempa cheo kwa kalamu ili aweze kunyang'anywa kwa kalamu hiyohiyo.

Mwisho wa mkataba ndio umeninyima usingizi. Unasema mkalimani Ramazan alimweleza Sultani Mangungo kwa uwazi, na kwamba alipoulizwa moja kwa moja, Mangungo alisema yeye hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na hata hakujua kama yupo.

Hata hakujua kama yupo. Nimekaa kitandani nikalisoma tena. Hapa ni ukanda wa misafara! Watu wa Bagamoyo na Saadani walikuwa wanapita nchi hii kwenda Unyamwezi na Ujiji miaka na miaka. Na kuna karatasi nyingine kwenye begi hilohilo, wameiandika siku chache tu kabla, huko Nguru, ya mtu anaitwa Salim bin Hamid, na hiyo inasema Salim ni mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar huko Nguru kwa miaka minne sasa, na kwamba anatamka Sultani hana mamlaka bara, hasa Nguru na Usagara. Angalia hizo karatasi mbili ukiziweka pamoja. Moja inasema Sultani wa Zanzibar ana mtu wake Nguru tangu miaka minne. Nyingine inasema jirani hapo Usagara hajawahi hata kumsikia. Zote mbili kaandika mtu mmoja, wiki moja, mkono mmoja. Huyu hakuwa anaandika alichosikia, alikuwa anaandika kile ambacho Berlin ingetaka kusoma, kwamba nchi haina mwenyewe, au mwenyewe yupo na katoa kwa hiari, na yule jirani mkubwa hana neno.

Siku ya tano, Msowero

Bodaboda kutoka Dumila kwa barabara ya Kilosa, asubuhi ya mawingu, mahindi pande zote mbili. Vitabuni imeandikwa Msovero, hapa wenyewe wanaandika na kusema Msowero. Mji mdogo wa barabarani, maduka, mashine ya kusaga, watoto wa shule na sare zao. Nilisimama pale boda aliponiacha nikawa najisikia moyo unadunda kama nimekuja kuonana na ndugu wa damu ambaye sijawahi kumuona.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, jina lake silitaji. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, karibu, kigoda kikaletwa chini ya mwembe. Nikajitambulisha, mama yangu mtu wa Kilosa, ukoo wake, akauliza ukoo wa bibi pia, akatikisa kichwa akaridhika. Halafu nikamwambia nimekuja kwa ajili ya habari za Mangungo. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Umekuja kutuuliza kwa nini tulisaini?"

Sikuwa na jibu maana kusema kweli nusu ya safari hilo ndilo lilikuwa swali langu. Nikamwambia babu, mi nina ule mkataba kwenye simu, nikusomee? Akashangaa. Amesikia habari hizi maisha yake yote, redioni, kwa wajukuu wanaotoka shule, kwa wageni, lakini hakuna hata siku moja mtu alimsomea maneno yenyewe kwa lugha anayoisikia. Akaita jirani zake wawili, na mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akasogea na ungo wake.

Nikaanza kutafsiri pole pole. Na hapo ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa nayo yule Ramazan. Mimi nimesoma, nina simu, nina muda wote wa dunia, hakuna mtu mwenye bunduki kasimama nyuma yangu, na bado nilikwama. "Haki zote." Haki zipi? Za nini? "Kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani." Mwaka 1884 neno lenyewe ungelisemaje kwa mtu wa Usagara? Ungesema wanataka kukaa? Wanataka kulima? Mgeni akiomba pa kukaa kwa kawaida anapewa, anaonyeshwa pa kujenga, analeta zawadi, mnakula pamoja, mnakuwa ndugu, na siku akihama ardhi inarudi. Chifu hakuwa na ardhi ya kuuza, ilikuwa ya koo, ya waliozikwa humo na ya watakaozaliwa, yeye alikuwa mgawaji tu. Sasa ukimwambia mtu wa namna hiyo tunafanya urafiki wa milele, weka alama hapa, atakataa kwa sababu gani?

Nilipofika pale pa kusema hakujua kama Sultani wa Zanzibar yupo, mzee akanyoosha mkono nikome. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Hiyo nguo aliyokuwa amevaa siku hiyo alidhani imetoka wapi?"

Jirani zake wakaitikia wote kwa pamoja. Yule mama akaacha kupepeta. Mzee akaendelea, akasema kitambaa kilikuwa cha pwani, shanga za pwani, chumvi ya pwani, baruti ya pwani, watu wanapita hapa na mizigo vichwani kila msimu, mtu atakosaje kujua kuna mkubwa huko pwani? Akasema ama mkalimani alisema lake, ama mwandishi aliandika lake. Mimi usiku kucha nilikuwa nahangaika na karatasi mbili za Nguru na Msowero, yeye kwa swali moja la nguo kafika palepale.

Mmoja wa wale jirani akauliza, na Mzungu alitoa nini? Nikamsomea ile ahadi ya kuiangalia Msovero kwa namna ya pekee. Hakuna aliyecheka. Akasema tu, "Imeandikwa hivyo?" Nikamuonyesha skrini ingawa ni Kiingereza, akaiangalia muda mrefu na kidole chake kimegusa pale palipoandikwa jina la Mangungo.

Tukala ugali na mlenda na samaki wa kukaanga. Kabla sijaondoka mzee akaniambia, mwanangu, hayo maneno tuletee kwa Kiswahili, kwenye karatasi, ya simu yanaondoka na wewe. Nikaahidi.

Siku ya sita, Kilosa

Kwa bibi. Nimelala mchana mzima, miguu. Jioni nikatembea upande wa reli. Ile reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga Dar 1905 wakaifikisha Kigoma 1914, imepita hapa Kilosa katikati ya nchi iliyoandikwa kwenye yale makaratasi, na mashamba makubwa ya mkonge yakafuata. Mpaka leo watu wa wilaya hii wanagombania ardhi, mkulima na mfugaji wanauana, huku kuna mashamba makubwa yaliyokaa miaka bila kulimwa. Bibi anasema alipokuwa msichana kulikuwa na sehemu hamruhusiwi hata kuokota kuni. Sikumuuliza zaidi, alikuwa amechoka.

Siku ya saba na ya nane, Bagamoyo

Basi mpaka Morogoro, treni ya SGR mpaka Dar chini ya saa mbili, usiku Bagamoyo. Peters alirudi hapa Disemba 17 akiwa mgonjwa, kwa homa. Otto alifia huko bara, Pfeil akabaki Usagara. Asubuhi nimetembea kutoka Caravanserai mpaka Boma la Wajerumani mpaka yale makaburi yao madogo yaliyo karibu na bahari, makaburi meupe, yametunzwa, nyasi zimekatwa. Kaburi la Mangungo sijaonyeshwa.

Kilichofuata ni cha haraka. Wakati Peters anazunguka Usagara, kule Berlin mataifa 14 yalikuwa yamekaa kwa Bismarck tangu Novemba 15 wanajadili Afrika, hakuna Mwafrika hata mmoja mezani. Peters akafika Berlin mapema Februari 1885 na begi lake. Mkutano ukafungwa Februari 26, na kesho yake, Februari 27, Kaisari Wilhelm wa kwanza akatia saini hati ya ulinzi kwa nchi zote zilizo kwenye makaratasi ya Peters. Kesho yake! Walisubiri wageni waondoke. Dola ileile iliyomwambia Novemba nenda kwa hatari yako mwenyewe, ndani ya miezi minne ikasema nchi hizi ziko chini yetu. Aliyekwenda bara ni mtu binafsi na maneno matamu, dola ikaja nyuma kuchukua.

Barghash kuja kuambiwa rasmi ni Aprili. Akampelekea Kaisari telegramu ya kupinga, akisema wale machifu hawana mamlaka ya kutoa nchi hizo, ni zake tangu enzi za baba zake. Na hapa mimi siwezi kumpigia makofi kabisa Seyyid, maana na yeye Msowero hakuwauliza, na misafara yake ilitembea na watu kwenye minyororo, na mwisho wa minyororo ilikuwa hapahapa Bagamoyo nilipokaa. Lakini angalia alivyojibiwa. Agosti 1885 meli za kivita za Kijerumani zikatia nanga mbele ya ile nyumba niliyokuwa naiangalia siku ya kwanza, mizinga imeelekezwa mjini, na Barghash akakubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakachora mstari kutoka mto Umba mpaka Ziwa Victoria, Sultani akaachiwa ukanda wa maili 10 wa pwani, na 1890 hata huo ukauzwa kwa marki milioni nne.

Kwa hiyo hata kama Mangungo angekataa? Nimejiuliza hilo kutwa nzima. Wale waliokataa walikutana na Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyetumwa kuwazima, na mizinga yake, Abushiri alikataa. Karatasi ya Msowero haikuchukua nchi, iliwapa wakubwa kitu cha kuonyeshana wao kwa wao huko Ulaya, Mjerumani amwonyeshe Mwingereza kwamba huku nilitangulia mimi. Sisi ndio tulioichukua ile karatasi kama ushahidi dhidi ya mzee wetu, tukaifundisha darasani, tukacheka.

Saa nane mchana nimeingia steshenari, nimekaa kwenye kompyuta ya kukodi nikaandika mkataba wote kwa Kiswahili. Kwenye "ukoloni" nimeandika "kukalia na kutawala". Kwenye "haki zote" nimeacha hivyohivyo, sikupata bora. Yale maneno ya karatasi ya Salim bin Hamid nimeyaweka ukurasa wa pili, tarehe juu, ili wayaone pamoja. Herufi kubwa maana mzee macho yamechoka. Nakala nne, nimezitia kwenye bahasha ya kaki, nimeandika jina la mzee na Msowero kwa w. Kesho alfajiri naipeleka kwa konda wa basi la Kilosa, mjukuu wake ataipokea Dumila, nishampigia.